Muhogo Uliolazwa Chini ya Majani

Asubuhi ya siku ya pili Yunia aliingiza mkono chini ya majani ya migomba, akaukuta muhogo umeanza kupata joto. Alifumba macho. Joto lile alilijua tangu utoto wake kule Bwesumbu, mlimani, ambako mama yake alikuwa akilaza muhogo nyuma ya jiko na kuwakataza watoto kupiga kelele karibu, kana kwamba ndani ya rundo kuna mtu aliyesinzia. Ukilala siku nne, kuvu huota juu yake, nyeusi na ya kijivu, yenye manyoya laini. Ndipo hukwanguliwa, ukaanikwa juu ya mwamba, ukatwangwa. Unga wake hauwi mweupe. Bundu, ugali unaosongwa kwa unga huo, huwa na rangi ya udongo uliolowa, na harufu ambayo Yunia hakuwahi kuipatia jina.

Miaka kumi na saba hakuwa amelaza muhogo. Vita vilipoingia milimani mwaka wa tisini na saba, watu walishuka wakaishi kambini, wakala unga wa njano wa misaada. Walipotoka kambini, mashine za kusaga zilikuwa zimejaa mjini Bwera, na unga mweupe wa dukani ulikuwa rahisi mno. Yunia mwenyewe aliuuza unga huo sokoni Mpondwe mpaka magoti yakamgomea.

Aliyemrudisha kwenye rundo hili ni kaka yake Zedekia, mwalimu wa kilimo aliyestaafu kule Munkunyu. Mwezi uliopita alimzika mkewe, Medius, na tangu siku ile chakula kilimkataa. Yunia alimleta kwake. Hospitalini walimpima wasione ugonjwa wowote. Walisema tu kwamba mzee huyu asipokula hatafika mbali. Alipikiwa wali wa mchele wa Mubuku, akapikiwa samaki, akachemshiwa chai ya maziwa. Alionja, akarudisha kijiko.

"Vina ladha ya karatasi."

"Umekula karatasi lini, Mwalimu?"

"Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na nne. Karatasi naijua."

Kisha siku moja, akiwa amelala chali, macho yakiwa yameganda kwenye mabati, alinong'ona kwamba bundu ya mama, ile nyeusi, pengine ingeshuka. Kabla ya adhuhuri Yunia alikuwa shambani na jembe.

Alimenyea muhogo karibu na kitanda, makusudi, ili kaka yake aone.

"Ila usiniambie ni chakula cha mababu," Zedekia alisema. "Muhogo ni mgeni. Ulitoka Brazili, ng'ambo ya bahari. Wareno waliufikisha pwani ya Kongo zaidi ya miaka mia nne iliyopita, ukatembea mkono kwa mkono mpaka huku."

"Na maharagwe?"

"Ng'ambo hiyohiyo. Mahindi pia. Karanga pia."

"Ndizi zangu usiziguse."

"Ndizi zilitoka Asia."

"Ala! Sasa mababu walikuwa wakila nini, mawe?"

"Ulezi. Ulezi ni wa upande wetu huu wa Afrika." Alipumzika kidogo, akihema. "Na muhogo huu mchungu ulikuja na sumu yake ndani. Wale wa Brazili huukuna, wakaukamua maji. Mama zetu waliulaza. Kuvu ile ambayo mgeni angeiona uchafu ndiyo inayoulainisha hata sumu ikapata njia ya kutoka. Nani aliwafundisha? Hakuna kitabu kinachosema."

Yunia aliendelea kumenya polepole, asije akamkatiza. Tangu mazishi, kaka yake hakuwa amezungumza maneno mengi kiasi kile. Nje, wingu lilikuwa limeshuka likafunika migomba, na sauti yake ilisikika kama inatoka mbali, darasani, miaka mingi nyuma.

Mchana wa siku ile ya pili Yunia alikwenda kwenye maombi ya akina mama kanisani. Nyumbani alimwacha mkwewe, Arinaitwe, msichana wa Ankole aliyeolewa miezi miwili tu iliyopita na mwanawe Nobert, mfanyakazi wa kiwanda cha saruji. Arinaitwe hakujua Kikonzo, lugha ya nyumba ile. Yeye na mama mkwe walielewana kwa Kiswahili cha sokoni. Alikuwa na bidii, na Yunia hakumweleza lolote kuhusu rundo. Hakufikiri kwamba kuna mtu asiyejua.

Aliporudi, aliona kitu cheupe kikimetameta juu ya mwamba. Ulikuwa muhogo wake, umeoshwa, umepangwa mistari.

"Mama, pole sana," Arinaitwe alimkimbilia. "Ile muhogo ilikuwa inaoza! Imeanza kuota manyoya. Lakini nimeiokoa. Nimeikwangua yote, nimeiosha mara tatu."

Yunia alikaa chini palepale, kitambaa cha kichwani kikamdondokea begani.

"Mama, iko nini? Unalia?"

"Haikuoza, mwanangu. Ilikuwa inalala."

"Inalala?"

"Kwenu maziwa ikiganda, munamwaga?"

"Aa, hapana! Ile ndiyo tamu."

"Basi."

Arinaitwe alitazama mwamba, kisha mikono yake. Uso ulimbadilika taratibu. "Mama, tutwange tu hivihivi. Mjomba hatajua."

"Hii iko ya uchungu. Siku mbili bado iko na sumu. Unataka tumuue mbele ya njaa kumuua?" Yunia alijiinua kwa kushika ukuta. "Majani ulitupa wapi?"

"Kwenye kahawa."

"Ile kuvu iko kwa majani. Twende."

Walitambaa chini ya mibuni, mama mkwe na mkwe, magoti kwenye matope, wakiokota majani moja moja. Arinaitwe kila alipopata lenye doa la kijivu alilinyanyua na kuuliza, "Hii?" Na Yunia alijibu, "Hiyo, ilete polepole." Waliurudisha muhogo, wakaufunika kwa majani yaleyale, wakaanza kuhesabu upya.

Siku zile zilikuwa ndefu. Zedekia alikubali vijiko viwili vya uji wa ulezi, siku nyingine kimoja. Saa ilimlegea mkononi ikapanda hadi karibu na kiwiko. Arinaitwe alihamishia kigoda chake kando ya rundo, akawa anafukuza kuku kwa kunong'ona. Kila alfajiri Yunia alimshika mkono, akauingiza chini ya majani. "Unasikia?" Siku ya tatu msichana alisema ndiyo, iko moto kama mtoto mwenye homa.

Baada ya siku nne waliukwangua. Kwa siku tatu jua lilikuja na kuondoka juu ya mwamba. Walitwanga, wakachekecha, wakasonga. Bundu ilitoka nyeusi. Yunia aliiweka mbele ya kaka yake pamoja na sombe, majani ya muhogo huohuo yaliyotwangwa na kupikwa, akarudi nyuma hadi mlangoni kwa sababu hakuweza kutazama karibu.

Zedekia alimega tonge. Alilinusa. Alilichovya, akameza.

"Haijafika," alisema.

Arinaitwe alijifunika uso kwa kiganja.

"Msimu wa mvua mama alikuwa akiuacha mpaka siku ya tano. Huu mmeuharakisha. Tena katikati kuna mtu aliyeuamsha."

"Nani amekuambia?" Yunia aliuliza.

"Ulimi." Alimega tonge la pili, kubwa kuliko la kwanza, na akiwa bado analitafuna akamega la tatu. "Lazeni mwingine. Siku tano. Nitausahihisha tena."

Yunia alisimama mlangoni akipiga hesabu: kumenya siku moja, kulaza tano, jua siku tatu, kama mvua haitanyesha, kutwanga na kusonga moja. Siku kumi kutoka leo, na kaka yake ameziagiza zote. Aligeuka kuchukua jembe nyuma ya mlango, asilikute. Arinaitwe alikuwa tayari nalo shambani, ameinama, anavuta shina la kwanza.