Cherehani ya Wifi na Kamati ya Maafa

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani. Mafuriko yalipopita, cherehani yake tuliikuta imejaa tope hadi kwenye sindano. Fundi yeyote atakwambia: ukiiacha hivyo siku tatu nne, kutu itaila, na kazi huna tena.

Siku ya kwanza mtaa ukaunda Kamati ya Maafa. Jamani! Kutwa nzima wanachagua mwenyekiti, naibu wake, na naibu wa naibu. Siku ya pili wakabishana kama muhuri uwe wa duara au wa pembe nne. Wifi hakwenda. Alikuwa kwa bibi wa nyumba ya nyuma, anamchotea tope kwa karai, maana bibi mgongo haumruhusu kuinama.

"Na cherehani yako je?" nikamfokea.

"Cherehani haiugui kifua, wifi. Bibi akilala kwenye maji tutamzika."

Siku ya tatu tukaenda kwa Kamati kuomba mafuta ya taa ya kuisafishia cherehani. Walikuwa nayo dumu zima, Mwenyekiti kalifanya kiti. Akafungua daftari, akamwambia wifi:

"Jina lako halimo kwenye mahudhurio. Asiyehudhuria hakuathirika."

"Maji yalifika dirishani, Mwenyekiti!"

"Ungekuja kikaoni utuambie."

Nilipandwa na hasira hadi nikasahau matusi yote niliyokuwa nayo.

Bibi hakuwa na daftari wala muhuri, ana mdomo tu. Alisimama uani akapiga kelele, na fundi baiskeli akaja mbio na brashi yake ya minyororo na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Wakasugua chuma kimoja kimoja. Jioni gurudumu likazunguka. Wifi akalia, nami nikamcheka huku nalia.

Wiki iliyofuata Mwenyekiti huyo mlangoni, kitambaa kwapani. Anataka bango la uzinduzi wa kamati, liandikwe TUSHIKANE MIKONO. Wageni wanakuja kesho.

Wifi hakuinua macho. Alikuwa anatia kiraka ovaroli ya fundi baiskeli.

"Sisi nasi tulikuwa na vikao, Mwenyekiti. Siku mbili, kwa bibi. Sikukuona."

Mwenyekiti akacheka. Akatutazama mmoja mmoja, akaona anacheka peke yake.

Bibi, aliyekuwa amekaa kizingitini, akamsogezea karai kwa mguu.

"Tope la jikoni kwangu bado lipo, mwanangu. Hudhuria."