Zawadi kwa Atakayemtaja Muuaji

Nimewagawia wasomaji wangu vitabu vingi bure, na habari za kila kitabu kipya nimewapa kwa mdomo wangu mwenyewe, lakini shindano la kumtaja muuaji nililifanya mara moja tu. Wanaoniuliza kwa nini silirudii huwa nawajibu kwamba nimezeeka. Si kweli.

Miaka ile ya Ujamaa mwandishi wa riwaya za upelelezi alikuwa pia mpiga mbiu wake mwenyewe. Mchapaji alikuwa Dar es Salaam, karatasi zilikuwa adimu kama sabuni, na vitabu vikishapakiwa kwenye treni ya Mwanza hakuna aliyejali kama vitafika au vitaozea stesheni. Basi nilikata stensili, nikaomba mashine ya kudurufu pale shuleni nilipokuwa nafundisha, na vipeperushi nikawapa makondakta wa mabasi wavibandike popote palipo na duka na ukuta.

Juu kabisa niliandika kwa herufi kubwa: RIWAYA MPYA. Chini yake: kijana mchuuzi wa samaki amekutwa amekufa kwenye mawe ya ziwa. Nani amemwua? Atakayemtaja muuaji kabla kitabu hakijatoka atapewa nakala bure. Fika kwa mwandishi, Mabatini, nyuma ya duka la baiskeli. Upande wa pili niliweka sura ya kwanza, ili watu wapate pa kuanzia.

Walikuja, tena kwa furaha. Fundi cherehani wa jirani alitaja kila mtu aliyekuwemo katika sura ile, mmoja baada ya mwingine, akinitazama usoni aone nitashtuka wapi. Kondakta mmoja alisema muuaji ni mimi, kwa sababu ndimi pekee niliyejua maiti ilipo. Nilicheka hadi machozi, nikamwahidi nakala. Nilijiona mtu mkubwa siku zile, sifichi.

Asubuhi moja ya likizo nilikuwa uani nafua mashati, akaingia mama wa makamo, miguu imejaa vumbi, kuku aliyefungwa miguu kwapani.

"Hapa ndipo kwa mwandishi wa kesi?"

"Shikamoo mama. Ndipo hapa, karibu."

"Marahaba, baba." Aliketi kwenye kigoda, akamweka kuku chini. "Nimetoka Misungwi, ndani huko. Zawadi yenu siitaki. Huyu kuku ni wako. Nataka unitajie."

"Nikutajie nini, mama?"

"Aliyemwua mwanangu."

Mikono yangu ilibaki ndani ya beseni. Akanieleza taratibu, bila kulia. Mwanawe alikuwa akichukua samaki mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotua, na kuwauza minadani. Alikutwa kwenye mawe ya ufukweni, wakaambiwa amezama. Yeye alimwona kichwa kabla hajazikwa, na alijua maji hayapasui kichwa hivyo. Hakuna aliyemsikiliza. Kisha juzi, kwenye mkutano, balozi wa nyumba kumi akasoma karatasi yangu mbele ya watu wote.

Ndipo nilipoelewa. Kijijini kwake karatasi iliyopigwa chapa ilitoka kwenye Chama au serikalini: limeni pamba, chimbeni vyoo, hameni. Haikuwahi kufika karatasi ya kuchezea. Neno riwaya lilikuwa pale juu kwa herufi kubwa, na halikumsaidia mtu. Walichosikia ni kwamba mjini kuna mtu anafuatilia kifo cha kijana mchuuzi wa samaki, na hata zawadi ameweka.

"Mama," nilisema, "ile ni hadithi. Nimeitunga."

"Na kijana?"

"Hayupo. Nimemtunga."

"Na aliyemwua?"

"Naye nimemtunga."

Sikuwa nimemdhulumu mtu, lakini sijawahi kuionea aibu kazi yangu kama asubuhi ile.

"Nisomee," akasema. "Si nimeshafika?"

Nikamsomea sura ya mwisho, ile ambayo hakuna msomaji aliyekuwa ameiona. Muuaji wangu alikuwa mshirika wa marehemu katika biashara, na mpelelezi wangu alimnasa kwa werevu mwingi. Nilipofika mahali anapotiwa pingu niliziweka karatasi chini.

"Majirani walisemaje?" aliuliza.

"Hapo sikuandika, mama."

"Na mke wa huyo aliyekamatwa?"

"Sikuandika."

Akatikisa kichwa, bila hasira. Nilimwambia kama kuna mtu anamshuku, twende polisi siku hiyohiyo, nitamsindikiza.

"Jina ninalo, baba," alisema. "Ninalo tangu siku tuliyomzika. Nilitaka nilisikie kwa mtu mwingine, hata mara moja, nijue sijawa mwendawazimu. Ungelitaja wewe, mgeni, usiyetujua, ningesimama nalo. Nikilisema mimi, watasema mama aliyefiwa anaropoka."

"Niambie mimi, basi."

"Nikikuambia utakuwa umelisikia kwangu."

Akaendelea, sasa akimtazama kuku badala ya kunitazama mimi. Zamani mwenye jina lile alikaa mbali, ng'ambo ya mbuga, na mtu aliweza kupitisha mwaka bila kumwona. Walipohamishiwa kijijini viwanja viligawanywa kwa mstari, na nyumba yake ikaangukia ubavuni mwa nyumba ya mama huyu. Mke wa mtu yule humchotea mama maji akiumwa. Watoto wao wanamwita bibi, na yeye anawapenda. Kaburi la mwanawe limebaki kwenye mahame, huko nyuma, ambako sasa kumekuwa pori.

Nilimsihi abaki ale, alale, apumzike hata siku mbili kwa wake wa jirani yangu. Akakataa, akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Siwezi kukosa kesho," alisema. "Ni zamu yetu shamba la kijiji, tunapalilia pamba. Wamenipanga mstari mmoja na yeye."