Mbwa Aliyebaki Boko

Baba alipokufa, mama alikuwa ameshatangulia miaka miwili. Siku ya kuanua tanga, wazee wa ukoo walikaa sebuleni kwetu, kwenye nyumba ya kiwanda kule Chang'ombe, wakagawana. Baba mdogo alichukua redio na baiskeli. Shangazi akachukua vitenge vya mama ambavyo baba alikuwa hajataka kuvitoa. Kitanda cha mninga kilipanda gari kwenda Morogoro. Kisha baba mdogo akasimama, akasema watoto hawa ni wa ukoo, ukoo utawaangalia. Watu wakaitikia. Mbwa alikuwa amelala mlangoni, na kila aliyetoka na kitu alimruka. Hakuna aliyemtaja.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili mama alipoanza kuumwa, na sasa nilikuwa nauza mitumba Tandika. Nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu: mvulana wa miaka kumi na minne, msichana wa kumi, na kitinda mimba wa miaka sita ambaye tangu msiba alikuwa halali bila kuweka mguu mmoja mgongoni kwa yule mbwa.

Wakati huo viwanda vilikuwa vinauzwa. Cha baba nacho kikapata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya akataka nyumba zake. Tukapewa barua. Nilizunguka Temeke nzima kutafuta chumba. Mwenye nyumba aliyetukubali alikuwa bibi mmoja wa pale pale mjini, mtu wa swala tano, na alinieleza bila kunikwaza.

"Mwanangu, wewe na wenzio karibuni hata leo. Lakini mbwa, hapana. Uani ndipo ninapotandika mswala. Akipitisha pua yake hapo mimi nitaosha mara saba mpaka mikono ichubuke."

Sikumkasirikia, na simkasirikii leo. Alisema alichoweza na asichoweza, akakifuata. Angekuwa yeye ndiye ukoo wangu, nisingekuwa na haja ya kuandika haya.

Nikaanza kumtafutia mbwa mahali pa kukaa mpaka nipate nyumba nyingine yenye uwanja. Jirani mmoja alisema mbwa anakula kuliko mtu. Mlinzi wa kiwandani, aliyempa baba mbwa huyo akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kofia, naye alikuwa amepunguzwa kazi na anarudi kwao. Nikamkumbuka baba mdogo. Alikuwa ameacha ukarani, anauza vipuri vya magari, na alikuwa anajenga Boko. Kila tulipokutana alilalamika kwamba saruji yake inaibiwa.

Mabasi hayapakii mbwa. Nilimwomba dereva wa lori la kokoto lililokuwa linarudi tupu Kunduchi, nikapanda nyuma na mbwa wangu, tukashuka njia panda, tukamalizia kwa miguu. Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye msingi na mafundi wake wawili.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Huyo naye ndiye mchumba?"

Mafundi wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu mkubwa akitania unacheka. Nikamweleza shida yangu. Akamzunguka mbwa, akamtazama meno.

"Anabweka?"

"Anabweka."

"Anauma?"

"Asiowajua."

"Basi huyu ana akili kuliko mlinzi wangu. Yule anauma ninaowajua."

Hapo ndipo nilipokosea. Mama alitufundisha kwamba mkubwa haambiwi "nakuazima", wala hawekewi siku. Ukimpelekea kitu unampa kwa mikono miwili na unasema ni chake, naye kwa utu wake atajua ulichomaanisha. Basi nikapiga goti, nikampa kamba kwa mikono miwili, nikasema, "Mbwa ni wako, baba, kama sisi tulivyo wako. Tukipata mahali tutakuja kumwona."

Akaipokea kamba. "Vizuri sana," akasema.

Miezi minne tuliishi kwa yule bibi. Kitinda mimba alihamishia mguu wake mgongoni kwangu, na alipiga mateke. Kila asubuhi aliuliza, "Dada, leo tunamfuata?" Nilimwambia bado kidogo. Nilikuwa na hakika. Ndipo nikapata vyumba viwili Mbagala kwa mama mmoja mfuga kuku ambaye vicheche walikuwa wanamtia umaskini. Nilipomwambia nina mbwa, alinishika mkono kama nimemletea mchumba wa mwanawe.

Nikaenda Boko siku hiyo hiyo. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa linta. Mbwa alikuwa amefungwa kwa mnyororo kwenye nondo, juani, kando ya mifuko ya saruji. Mnyororo ulikuwa umemla shingo mpaka nyama nyekundu ikaonekana, na inzi walikuwa hapo. Aliponiona hakubweka. Alijikojolea.

"Baba mdogo, shikamoo. Tumepata nyumba. Nimekuja kumchukua mbwa."

"Mbwa gani?"

Nikadhani ni utani. Nikamwonyesha.

"Huyo? Huyo si ulinipa mwenyewe? Kwa magoti. Mafundi hawa hapa walikuwapo." Mmoja wa mafundi akainamia mwiko wake kana kwamba kuna maandishi. "Na hata usingenipa, mali ya marehemu kaka yangu ni mali ya ukoo. Wewe kesho unaolewa. Utampeleka mbwa wa ukoo kwa watu?"

Mbwa wa ukoo! Siku ya tanga alirukwa kama kizingiti, na sasa alikuwa wa ukoo kwa sababu saruji haipungui. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Asante, baba." Nikaondoka. Asante ile imeniuma kuliko yote aliyonitendea, kwa sababu hayo ni yake, lakini ile ilitoka kinywani mwangu.

Wiki nzima nilipanga na kupangua nguo sokoni bila kujua ninachouza. Nilirudia kila neno nililosema siku ile nilipopiga goti. Siku ya tano, nikiwa nimeshika koti la mtu wa Ulaya, nikasimama. Nilikuwa nimesema maneno mawili, siyo moja. Yeye alikuwa amechukua moja.

Jumapili niliwaamsha wadogo zangu, tukafunga mizigo: godoro moja, sufuria, mkeka, madaftari yao ya shule. Sikuwaeleza. Niliwaambia tu waamkie vizuri na wakae nitakapokaa. Dereva yule yule wa lori alituchukua.

"Shikamoo, baba mdogo," tulisema wanne kwa pamoja.

"Marahaba. Mizigo yote hii, mnahamia wapi?"

"Hapa, baba."

Akatazama godoro. Mafundi waliacha kupanga matofali.

"Nilikwambia mbwa ni wako kama sisi tulivyo wako," nikasema. "Ukasema vizuri sana. Mafundi walikuwapo. Mbwa umeshampokea, nimekuletea tuliobaki."

Nikaketi juu ya mifuko ya saruji. Wadogo zangu wakaketi. Kitinda mimba akaenda moja kwa moja kwa mbwa, akalala pale vumbini, akapandisha mguu.

"Unanifundisha adabu, wewe binti?"

"Hapana, baba. Chumba chochote kitatutosha. Hata hiki kisicho na bati."

Fundi mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini siyo chini sana, "Mzee, hapo umebanwa." Majirani wawili waliokuwa wanatoka kanisani walisimama barabarani, wakawasalimia watoto, wakauliza kama hawa ndio watoto wa marehemu kaka yake. Mdogo wangu wa kiume akajibu kwa heshima zote, "Ndio sisi. Tumekuja kukaa kwa baba."

Baba mdogo alitazama majirani, akatazama sufuria, akatutazama sisi mmoja mmoja. Nadhani alikuwa anatuona kwa mara ya kwanza tangu tanga. Kisha akasema bila kunitazama, "Chukueni mbwa wenu. Mtoke na matambara yenu."

Nikamfungua kwenye nondo. Tulikuwa tumeshafika nje ya uwanja alipoita. Niligeuka haraka, naona aibu kukiri, nikitumaini kwamba labda angeuliza tunalala wapi.

"Mnyororo," alisema. "Mnyororo ni wangu."

Nikaurudisha. Nikaupeleka kwa mkono mmoja, wa kushoto. Tukamfunga mbwa kwa kanga ya mama, tukimkwepesha kidonda, tukaketi njia panda kusubiri lori.

Mdogo wangu wa kiume akaweka godoro chini. Kisha akauliza, "Dada, angesema karibuni je?"

Ufunguo wa Mbagala ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yangu tangu asubuhi. Nilikuwa nimelipanga jambo lote juu ya hakika moja, kwamba hatasema. Nilimwambia ashike godoro, lori linakuja.