Dobi Aliyesema Hajambo

Saa kumi na mbili asubuhi, Mnyoosho anapiga pasi shati jeupe la mwalimu wa jirani. Mkono wa kulia unaendesha pasi, wa kushoto unavuta kitambaa kikae sawa. Amemaliza kola, amemaliza mabega, sasa anateremka kifuani. Mdomo nao haupumziki, maana dobi asiyeongea hana wateja.

"Baba, mkono," anasema mkewe, aliyeinamia beseni mlangoni. Hapazi sauti.

Mnyoosho anatazama chini. Pasi imelala juu ya kidole gumba chake cha kushoto. Imelala hapo tangu alipoanza kueleza habari za wanga wa kukazia kola. Anaiinua taratibu, anakikagua kidole kama anavyokagua doa kwenye nguo ya mteja, halafu anakitumbukiza kwenye kikombe cha maji kilichowekwa pale kwa kazi hiyo tu.

Hakushtuka. Hakukunja hata uso. Ngozi imebabuka na kuwa nyeupe, harufu imejaa chumba kizima, lakini mwenye kidole anaendelea pale alipoishia.

"Kwa hiyo wanga usiuzidishe," anasema. "Ukizidi, shati linasimama lenyewe, halimhitaji mwenyewe."

Mkewe anafuta povu mikononi na kuchukua chupa ya dawa ya kuungua iliyo juu ya dirisha, kando ya kibao cha sabuni. "Mimi ndiye ngozi yake," anasema akimpaka. "Nikienda sokoni najua nitarudi nikute ameiva."

Huyu ndiye mtu ambaye ofisi ya posho za walemavu imeamua kwamba mkono wake ni mzima.

Jina la Mnyoosho alipewa na wateja kwa sababu ya mstari wa suruali. Suruali ikitoka mezani kwake, mstari wake unakata jicho. Ana miaka hamsini na miwili, na udobi ameufanya tangu ndevu hazijaota.

Zamani alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa. Huko kulikuwa na mashine ya kunyooshea mashuka yenye rola mbili za moto. Shuka linaingia likiwa na makunyanzi, linatoka bapa. Siku moja shuka lilijikunja, akanyoosha mkono wa kushoto kulirekebisha, rola zikauchukua mpaka kwenye kiwiko.

Madaktari waliuokoa mkono. Vidole vinafunga na kufungua, kiwiko kinakunja. Kilichokufa ni mishipa ya fahamu. Mkono unashika lakini haujui umeshika nini. Usipotazamwa na macho, unakwenda unakotaka.

"Ni kama mgeni aliyehamia kwangu," anasema. "Anakula, anavaa, ila hana uchungu na nyumba."

Hoteli ilimwachisha kazi. Akakodi chumba kimoja kinachotazama barabara, akatia meza, pasi na kamba ya kuanikia uani. Zamani mashati arobaini kwa siku yalikuwa mchezo. Siku hizi yakifika kumi na mawili, mkewe anamwambia apumzike, maana uchovu ukiingia macho yanasahau mkono.

Pasi inaleta chakula. Kodi ya chumba inalipwa na posho ya ulemavu. Chumba kikiondoka, meza haina pa kusimama. Hesabu yenyewe haihitaji aliyesoma.

Posho hiyo ina masharti. Kila baada ya muda, mwenye nayo anafanyiwa tathmini ya uwezo wa kufanya kazi. Zamu ya Mnyoosho ilipofika, ujumbe uliingia kwenye simu: mtathmini atakuja kumwona mahali pake pa kazi. Yeye, kama mtu mwenye akili zake, akaenda ofisini kuuliza ajiandae vipi.

Kijana wa dirishani alimsikiliza vizuri. "Mzee wangu, siku hiyo akukute unafanya kazi," akamwambia. "Aone unavyopata shida. Akikukuta umekaa ataandika wewe ni mvivu."

Akarudi nyumbani ametulia. Ila mkewe ni mtu wa kuhakikisha. Akapiga ile namba ya bure, akapokea dada mwenye sauti ya upole.

"Mama, mwambie asiguse kitu," dada akasema. "Mtathmini akimwona ameshika pasi, ataandika anaweza kazi. Halafu ajibu anachoulizwa tu. Wakijieleza sana wanaonekana wanaigiza."

Dirisha linasema fanya, simu inasema usifanye. Wote wawili ni serikali, wote wanalipwa mshahara na mfuko mmoja.

Wakaenda kwa afisa ustawi wa mtaa, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akawasikiliza wote wawili, akavua miwani, akaifuta.

"Wote wako sawa," akasema. "Inategemea na mtathmini atakayekuja."

"Na atakayekuja ni yupi?" Mnyoosho akauliza.

"Hilo hatuambiwi."

Usiku ule mume na mke walikaa kwenye meza ya pasi wakishindana. Mume alitaka kufuata dirisha kwa sababu aliliona kwa macho. Mke alitaka kufuata simu kwa sababu simu, alisema, inarekodiwa.

"Sasa nifanyeje?" mume akauliza. "Nikae huku nimesimama?"

"Wewe simama tu ukutani kama ufagio," mke akamjibu. "Akikuuliza, mwambie umeegemezwa."

Walicheka, lakini mwisho ndivyo walivyofanya. Fisi aliyeshindwa na njia mbili alikuwa afadhali, kwa sababu njia zake angalau zote zilielekea kwenye nyama. Mnyoosho alitandika shati mezani, akachomeka pasi kwenye umeme ikapata moto, halafu akasimama kando asiiguse.

Mtathmini alikuja asubuhi. Alikuwa binti wa rika la mtoto wake wa pili, nadhifu, mwenye adabu zote za kufundishwa nyumbani. Alivua viatu mlangoni kabla hajaambiwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Ahsante. Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Za kazi?"

"Zinaenda, tunamshukuru Mungu."

"Na mkono unaendeleaje?"

"Haujambo."

"Mama naye hajambo?"

"Hajambo kabisa, yupo uani anaanika."

Binti akafungua kompyuta yake ndogo. Akamwambia ainue mkono, akainua. Afunge ngumi, akafunga. Aokote kalamu mezani, akaiangalia vizuri akaiokota. Mtathmini alipouliza kama pasi ni yake, alijibu ndiyo. Kama shati ni la mteja, ndiyo. Habari ya moto hakuulizwa, na yeye, kwa kushika neno la simu, hakuisema.

Mtathmini akashukuru, akavaa viatu, akaondoka. Chai aliyochemshiwa ilikuwa haijapoa.

"Yule mtoto kalelewa," Mnyoosho alimwambia mkewe. Wote wawili waliamini mambo yamekwenda vizuri.

Mwezi uliofuata posho haikuingia. Mnyoosho alidhani ni mtandao. Akaenda dirishani, akamkuta kijana yule yule, safari hii na mafua, pua nyekundu, leso mkononi.

"Hujambo kijana wangu?"

"Sijambo mzee, shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kuulizia ile yangu."

Kijana akabonyeza, akasogeza uso karibu na kioo. "Imesitishwa. Tathmini inasema unaweza kazi."

"Nani kasema?"

"Wewe."

Mnyoosho anasema alihisi baridi kuanzia kisogoni mpaka miguuni, mahali pote isipokuwa mkono wa kushoto. Alimwomba kijana amsomee. Kijana akasoma kwa sauti ya mafua, watu kwenye foleni wakisikia: mhusika alipoulizwa hali ya mkono, ameeleza mwenyewe kwamba haujambo. Alipoulizwa kuhusu kazi, ameeleza kwamba zinaenda. Hakutoa malalamiko yoyote.

"Nikajiuliza, huyu anayesomwa ni mimi?" anasimulia. "Ni kama kusomewa tangazo la msiba wako, halafu ukakuta jina ni lako kweli na tarehe ni ya leo."

Akamwambia kijana, "Mwanangu, yule aliniamkia. Salamu ile. Ningemjibuje?"

"Ungesema ukweli, mzee. Ungesema mbaya."

"Hivi wewe," Mnyoosho akamwambia, "sasa hivi hapa nimekuuliza hujambo, ukanijibu sijambo. Hayo makamasi ni ya nani?"

Foleni iliangua kicheko. Kijana naye alitabasamu, akapenga, kisha uso ukabadilika taratibu, kama mtu aliyepapasa mfuko akakuta pochi haimo. Akaisoma tena ile taarifa kimyakimya. Halafu akaishusha sauti.

"Kata rufaa, mzee wangu. Nitakuandikisha mimi. Ila mpaka isikilizwe, usifanye kazi."

Nyuma yake mwanamama mmoja wa ofisi hiyo hiyo alikuwa anapita na kikombe. Akasimama. "Nani kakufundisha? Akiacha kazi wataandika ameacha kwa hiari yake. Aendelee."

"Mama, si ndivyo tulivyoelekezwa?"

"Umeelekezwa na nani?"

Wakageukiana wenyewe kwa wenyewe. Mnyoosho alisimama upande wa pili wa kioo akiwatazama. Anasema wakati ule hakuwa na hasira tena. Alishangaa tu, kama mtu aliyekuja kuuliza njia akakuta wenyeji wamepotea.

Rufaa imeandikwa. Kikao ni Jumatano. Mwenye nyumba, ambaye si mtu mbaya, amesema atavumilia mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo kuna muuza simu anayekitaka chumba.

Hivi majuzi mke alianza kumfanyisha mazoezi. Yeye anakuwa jopo la rufaa, mume anakuwa mume.

"Habari za asubuhi?" anauliza mke akiwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mgongo wima kama mkubwa wa ofisi.

"Nzu..."

"Baba."

"Ulimi unateleza, mama. Nimeanza kusema nzuri kabla sijaota meno."

"Tena. Habari za asubuhi?"

"Si... si nzuri sana."

"Si nzuri sana ndiyo nini? Hiyo ni ya mtu aliyekosa sukari. Sema mbaya."

Walirudia mpaka ulimi ukalainika. Juzi asubuhi, wakiwa katikati ya zoezi hilo, muuguzi mmoja ambaye ni mteja wao wa miaka mingi aliingia na sare zake begani.

"Habari za hapa?" akasema, kama anavyosema siku zote.

"Mbaya," Mnyoosho akajibu.

Muuguzi alisimama. Sare zikateleza zikaanguka sakafuni, asiziokote. Aliwatazama mmoja mmoja, akatazama mlango wa uani, akajivuta mpaka kwenye kiti akakaa. Machozi yalikuwa yameshamlenga.

"Nani?" akauliza kwa sauti ndogo. "Amefariki nani?"

Ilibidi mke aache kila kitu amtulize, amwapie kwamba watoto wote wazima, wazee wote wazima, hakuna aliyekufa. Aliyekufa ni mkono.

"Mkono gani?"

Ndipo wakamweleza. Mnyoosho akamwonyesha kidole gumba, na lengelenge jipya, na makovu yanayopanda mpaka kiwiko. Mtu anayefunga vidonda vya watu kila siku alishika kinywa chake. Miaka yote hiyo alikuwa analeta nguo, anauliza habari, anaambiwa nzuri, anaacha sare anakwenda.

"Mbona hamkuniambia?"

"Uliuliza habari," Mnyoosho akasema. "Hukuuliza mkono."

Muuguzi alikichukua kile kiganja, akakigeuza, akachukua pini kwenye sare yake na kukichoma mahali kadhaa huku Mnyoosho akitazama dirishani. Kila alipouliza kama amehisi, alijibiwa, "Umeanza?" Alipomaliza alisema Jumatano anabadilisha zamu, atakwenda naye kwenye kikao, na pini anayo.

Lakini zoezi la kusema mbaya limekwisha. Mnyoosho amelikataa. Anasema ameona sura ya yule muuguzi, na hawezi kumfanyia hivyo mtu mwingine aliyetoka kwao akamtakia heri.

"Utaingia pale utaamkiwa, utasema nzuri, wataandika," mkewe anamwambia akikamua shuka, mwisho mmoja kaukanyaga kwa mguu kwa sababu hana wa kumshikia. "Halafu chumba tumpe muuza simu."

Mnyoosho anarudisha pasi juu ya kisahani chake, mbali na vidole. Anatazama mkono wa kushoto, anautoa mezani, anauweka mfukoni.

"Wakiniamkia nitaitikia," anasema. "Nitasema sijambo, za nyumbani nzuri, na mimi nitawauliza za kwao. Tumalize yote. Halafu nitawaambia: waheshimiwa, hiyo ilikuwa salamu. Sasa niulizeni."