Bamama Furaha tisa wa Muheto

Ba rafiki, leo nimefuta bamama munane na kidole kimoja. Na mashini ikanijibu: "Succès!", ni kusema imefaulu.

Mimi njo naandikaka listi ya watu wenye walikimbia kijiji ya Muheto. Kesho asubui wanagawa chakula. Mwenye jina yake haiko mu mashini, hapati kitu.

Nilipanga listi mu fichier muzuri: jina, point-virgule ya kutenganisha, kijiji. Nikaituma ku application ya kugawa chakula. Connexion ya internet ikazunguka, ikazunguka, kisha ikapita.

Nafungua, listi imefupika!

Munajua vile tunaitanaka huku: ukizaa, unabeba jina ya mutoto wa kwanza. Bamama tisa waliniambia "Mama Furaha". Application ikawaza ni muntu moja nimerudilia mara tisa. Ikabakisha moja tu.

Nikakimbia mu kambi kuuliza kila mama jina yake ya ubatizo. Ule wa kwanza akaniangalia sana.

"Kaka, Furaha tulimuzika ku njia. Sasa hata jina yake munataka kuninyanganya?"

Niko mbele ya mashini tangu pale. Pa "Jina" ya ule mama hapana kitu.

Nambieni, naandika nini?