Kigoda cha Mwende

Harufu ya maranda ya mti wa mhugu hunirudisha kijijini Wamunyu, chini ya kibanda cha mabati ambako baba yangu alichonga kwa tezo. Wenzake walikwishahamia kwenye kuchonga twiga na vifaru vya kuwauzia watalii. Yeye alishikilia vigoda vya miguu mitatu. Kila alipomaliza kimoja alikiweka juu ya mawe ya uani, akakikalia, akatuambia, "Cha miguu minne kinatafuta sakafu. Cha miguu mitatu kinakaa popote." Nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa sifa. Dada yangu Mwende, ambaye polio ilimdhoofisha mguu wa kushoto, alipochongewa fimbo alizunguka ua mzima akijitapa kwamba sasa yeye pia ni wa miguu mitatu.

Miaka ile ya tisini, njia ya shule ilikatiza mto mkavu. Fimbo ilizama mchangani, hivyo Mwende aliegemea bega langu hadi ng'ambo. Nilikuwa na miaka kumi, yeye kumi na miwili. Asubuhi moja nilimwacha nyuma, nikakimbilia wenzangu waliokaa ukingoni.

"Kigoda hicho kinakuja!" mmoja akapaza sauti. "Nani amechoka akikalie?"

"Mimi nimechoka!" nikajibu upesi, kabla mwingine hajaniwahi.

Walicheka hadi wakashikana. Mwende alisimama katikati ya mchanga, akanitazama mimi peke yangu, kisha akageuka kurudi nyumbani. Kesho yake hakuvaa sare.

"Nani amekuudhi, mwanangu?" Baba alimuuliza.

"Hakuna, Baba. Ni ule mchanga tu."

Hakurudi shuleni tena, yeye aliyenifundisha kusoma. Alibaki kibandani akilainisha vigoda kwa msasa, nami nikaendelea hadi chuo kikuu. Kila likizo nilikwenda na maneno ya kumwomba msamaha, nikaondoka nayo. Nilipohitimu alinipa kigoda alichokilainisha mwenyewe, kiking'aa kama kilichopakwa mafuta. Mwaka uliofuata nimonia ilimchukua, nami nilikuwa sijasema lolote.

Sasa naishi Syokimau, penye sakafu ya vigae. Meza yangu ya kununua huyumba, nami huikunjia karatasi chini ya mguu mmoja. Kigoda cha Mwende hakijawahi kuyumba. Wageni hukikalia, watoto wangu hukikalia. Mimi, nikirudi kutoka kazini jioni nimechoka kwelikweli, huvua viatu nikaketi sakafuni, kando yake.