Nyuki Katika Gitaa la Saturnino

Saturnino Yucra alikuwa na kofia ya mgodini nyuma ya mlango wake, imening'inia kwenye msumari. Ukiingia huioni, ila mlango ukifungwa, hiyo hapo inakutazama. Ilikuwa ya kaka yake, Hilario, aliyepanda kule juu kwenye barafu kuchimba dhahabu. Kofia ilirudi. Mwenyewe alifukiwa hukohuko na hakutolewa. Saturnino naye aliwahi kuchimba kule, na mguu wake wa kushoto haukupona vizuri tangu jiwe lilipouangukia. Siku aliyoletewa ile kofia alimwapia mkewe, Teodosia, kwamba hatapanda tena. Tangu hapo gitaa ndilo lililowalisha.

Huku kwetu uwanda wa juu, kuanzia mji wa Juliaca hadi vijiji vya nyuma ya Azángaro, hakuna harusi wala sikukuu ya mtakatifu inayopita bila gitaa la umeme. Watu watakusamehe supu isiyo na nyama, lakini gitaa lisilolia hawakusamehe. Saturnino alipiga katika bendi ya Don Nemesio, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyewaliza wajane na walevi. Mimi natembea soko hadi soko nikiuza vitu vidogovidogo, betri, sindano, nyuzi za gitaa, na njia zangu nyingi zinapita mlangoni kwake. Nilimshika binti yao siku ya ubatizo, kwa hiyo yeye na mkewe wananiita kumpadre, na katika nyumba ile siombi ruhusa ya kukaa.

Mwaka huo, mvua zilipokuwa zinaisha, Don Nemesio alianza kusema kwamba sauti ya gitaa imechuja. Alisema Juliaca kuna kijana anayezichezea nyuzi hadi wauza viazi wanasahau mizani. Saturnino alisikia. Kisha akafanya alichokuwa akifanya baba yake kwa kigitaa chake cha mbao: alilipeleka gitaa kwa Sirena.

Huyo Sirena ni mwanamke wa majini, anakaa penye maporomoko nyuma ya machimbo ya chokaa. Unamwachia chombo chako jioni, pamoja na peremende, sigara na divai kidogo, unaondoka bila kugeuka nyuma. Asubuhi unakikuta ameshakipanga sauti mwenyewe. Siwezi kusema ni uongo, maana nimewasikia waliotoka huko wakipiga, na mwili ulinisisimka. Ila baba yake Saturnino alikuwa akikificha chake chini ya mwamba mkavu, na chenyewe kilikuwa mbao tupu. Saturnino aliliweka gitaa la umeme juu ya jiwe, karibu kabisa na maji ili Sirena asihangaike, akalifunika kwa poncho yake, lile blanketi la kuvaa. Upepo ukaichukua poncho. Asubuhi alilikuta limelowa kama kondoo aliyevushwa mto. Akalibeba hadi nyumbani, akalitundika juu ya jiko linalowashwa kwa mavi makavu ya ng'ombe, palepale Teodosia anapotundika nyama ili ikauke, akaliacha hapo wiki nzima.

Alipolishusha lilikuwa kavu, linang'aa, na limejaa nyuki.

Nasema nyuki kwa sababu ndivyo sauti ilivyokuwa. Akigusa uzi, sauti inatoka, lakini nyuma yake kuna kitu kinavuma na kukwaruza, kama mdudu aliyefungiwa ndani ya kopo. Kwenye mazoezi Fortunato, mpiga besi, alimwuliza kama siku hizi amehamia kwenye biashara ya asali. Wakacheka. Baadaye akaongeza kwamba Sirena wa watu hana umeme kule kwenye maporomoko, angepangaje sauti ya kitu asichokijua? Wakacheka tena, na Saturnino akacheka nao kidogo.

Don Nemesio hakucheka. Alimwita pembeni, akaongea huku akitazama viatu vyake. Jumamosi ni sikukuu, Msalaba unashushwa kutoka mlimani, mji mzima utakuwepo, na bendi haiwezi kupanda jukwaani na gitaa la namna ile. Kama halijapona, kijana wa Juliaca atakuja. Na akishakuja, alisema, si rahisi kumrudisha alikotoka.

Hakumtajia lori, na hakukuwa na haja. Kila Jumapili asubuhi lori la wachimbaji linapanda kwenda kwenye barafu, na linapita mlangoni kwa Saturnino. Dereva ana desturi ya kupunguza mwendo penye nyumba ambazo anajua mambo yamebana.

Saturnino alihangaika. Kwanza alilisingizia spika. Akachomoa waya, akaweka sikio juu ya mbao, akapiga bila umeme, na nyuki wakawa mlemle ndani. Akabadilisha nyuzi zote. Nyuki. Akainua lile daraja dogo linaloshikilia nyuzi huku chini, akaliinua mpaka vidole vikawa vinauma kwa kukandamiza, na bado. Fortunato, safari hii bila utani, alimwambia kwamba ndani ya shingo ya gitaa mna fimbo ya chuma, na kichwani kuna tundu la kuikazia kwa ufunguo mdogo wa pembe sita. Shingo ikisumbua, unakaza. Akakaza. Nyuki wakaongezeka. Mwishoni akaenda kwa Mama Asunta, anayesoma majani ya koka. Yule mama akayamwaga kitambaani, akasema Sirena amekasirika, anataka zaidi. Teodosia akatoa shali yake ya harusi, ikapelekwa majini. Sirena akapokea, wala hakurudisha kitu.

Alhamisi nilifika na mzigo wangu nikamkuta ameketi kitandani, ile kofia magotini, anaipangusa kwa mkono wa sweta.

"Unaifanyia nini hiyo?" nikamwuliza.

"Ina vumbi."

"Teodosia amekuona?"

"Ameniona. Hasemi kitu."

Uani tulimsikia akifuma. Alikuwa akiugonga uzi kwa mti wake wa kufumia, anagonga na kunyamaza, kisha anagonga tena. Mtu anayefuma huku amekasirika unamjua kwa masikio.

Nilichukua gitaa nikampa, nikamwomba anipigie uzi mmoja mmoja, polepole, nisikie wale nyuki wanakaa wapi. Nilisema hivyo ili tu aiachie kofia. Akapiga ule mnene bila kuukandamiza, ukatoka vibaya. Akakandamiza kwenye vile vyuma vyembamba vinavyokingama shingoni, kile cha kwanza, cha pili, cha tatu: nyuki watupu. Akashuka kuelekea tumboni, cha saba, cha tisa, na huko sauti ikawa safi kama zamani. Akarudi juu, nyuki. Akashuka, safi.

Uani mti ukanyamaza. Teodosia akasimama mlangoni, ameushika.

"Wako upande wa kichwani tu," akasema.

"Nasikia."

"Huu mti wangu niliuacha juu ya jiko lile mwaka wa baridi kali. Ukajikunja, tumbo juu. Niliufanyia kazi mwezi mzima kuunyoosha. Nilikwambia usitundike gitaa pale, ukanijibu gitaa si mti."

Saturnino akainamisha kichwa.

"Haya, niambie leo. Ni mti au si mti?"

"Ni mti, mama."

Akaja akalichukua, akaliinua usawa wa jicho, akaitazama shingo kwa urefu wake kama wafumaji wanavyotazama mti kabla ya kuununua. Akaniita nami nitazame. Kweli, katikati palikuwa pamenyanyuka kidogo, kama mgongo wa paka, pakizifuata nyuzi. Macho yangu yamezeeka, sikutaka kuyaamini. Nikatoa jani la koka kutoka kwenye kifuko changu, kavu, zima. Nikamwambia Saturnino aukandamize uzi mnene kwenye chuma cha kwanza kwa mkono mmoja, na pale shingo inapoingia mwilini kwa mkono mwingine, ili huo uzi wenyewe uwe rula. Shingo nzuri inainama kidogo tu chini ya nyuzi, na katikati jani linapita. Nikalisukuma. Halikupita. Uzi ulikuwa umelala juu ya vyuma kama mgonjwa kitandani.

Basi fimbo ile haikutaka kukazwa. Ilitaka kulegezwa, ili nyuzi zipate nguvu ya kuivuta shingo irudi.

Saturnino akalegeza nyuzi, akaingiza ufunguo. Haukusogea. Maji ya Sirena yalikuwa yameingia mle na kuleta kutu, na juu ya kutu yeye mwenyewe alikuwa amekaza. Akasukuma tena kidogo, akauachia kama umemuunguza. Fimbo ikikatika mle ndani, shingo ni ya kuni. Akatazama mlangoni.

"Ikikatika?" akasema.

"Ikikatika utapanda lori Jumapili," akasema Teodosia. "Na usipozungusha utapanda lori Jumapili. Zungusha."

Tukadondosha mafuta ya taa tunduni, tukangoja. Teodosia alitupa viazi na jibini, hakuna aliyemaliza. Kisha Saturnino akalilaza gitaa mapajani, akafumba macho, akazungusha. Kulitokea mlio mkavu, kama mfupa. Alikaa vile, macho yamefumbwa, uso umekuwa wa kijivu, na mimi nikajikuta natazama kofia. Teodosia ndiye aliyeinama akaugusa ufunguo kwa kidole.

"Unazunguka," akasema.

Ilikuwa kutu iliyoachia. Akazungusha kidogo, akakaza nyuzi, akapima kwa jani, halikupita. Akalegeza kidogo tena. Alikwenda hivyo Alhamisi yote na Ijumaa, maana mti hauamki kwa amri, unaupa nafasi. Ijumaa alasiri jani lilipita, na ule uzi mnene ukalia peke yake. Alibaki nyuki mmoja, kwenye uzi mwembamba, juu ya chuma cha pili kilicholika. Huyo hatukumweza.

Jumamosi alipiga. Nilisimama karibu na spika na nilimsikia akipakwepa mahali pale, akipandisha wimbo mzima juu kidogo, na mwimbaji akinyoosha shingo kuufikia. Jua lilipozama baridi ikashuka ghafla, na nilisikia wale nyuki wengine wakianza kurudi, kwa mbali, kwenye wimbo wa mwisho. Watu walikuwa wanacheza, Msalaba umejaa maua. Yule kijana wa Juliaca alikuwepo, amesimama na mkoba wake mgongoni. Don Nemesio alimtazama, akamtazama Saturnino, kisha akageuka akaenda kutafuta bia. Mazoezi yajayo, akasema akipita, ni Jumanne.

Jumapili asubuhi nilikuwa nafunga mzigo wangu wakati lori lilipokuja. Likapunguza mwendo, likapiga honi. Saturnino alikuwa amekaa na gitaa, jani la koka mdomoni, ufunguo mkononi, anahangaika upya, kwa sababu baridi ya usiku ilikuwa imevuruga kila kitu. Hakuinua kichwa, lakini mkono ulisimama.

Teodosia akatoka nje. Dereva akamwuliza mumewe yuko wapi.

"Yuko kazini," akasema, akaingia ndani na kufunga mlango. Kofia ikayumba kwenye msumari wake, ikagonga ubao, ikatulia.